Mistari ya Chini Kwanza

Kamera ya baba niliikuta darini, Fratton, Portsmouth,
ndani ya kasha la viatu, pamoja na kanda kumi na moja
zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi:
*Idi. Shule. Salha na baskeli.*
Betri imekufa zamani. Waya nimeuagiza, umekuja kwa posta.
Kamera ikaguna kama mtu aliyekatizwa usingizi,
kisha ikakubali.

Salha huyu hapa, miaka saba,
anatoka kwenye lango la kijani la Bi Thuwaiba
juu ya baskeli nyekundu, anakuja kwangu.
Anakuja, na kila kiendacho kinaota meno:
gurudumu, viwiko, ncha ya mtandio,
jino, pengo, jino, pengo,
dada yangu amekuwa chanuo.

Kumbe picha ile haikupigwa nzima.
Kamera ilikuwa inasuka.
Mistari ya shufwa kwanza, kisha ya witiri,
na kati yao sehemu ya hamsini ya sekunde,
hata kope haijashuka.
Nyakati mbili kwenye ukili mmoja.
Aliyetulia hadhuriki.
Aliyekwenda anaonekana alipokuwa na alipofika,
kote kwa pamoja.

Siku ya kwanza nilikosea mpangilio.
Niliiambia kompyuta mistari ya juu itangulie,
na Salha akaenda mbele, akarudi nyuma, mbele, nyuma,
akitetemeka katikati ya barabara
kama mtoto anayesitasita kukua.
Nikageuza. Chini kwanza.
Akateleza moja kwa moja hadi kwenye kioo,
akacheka, meno mawili ya mbele hana.

Kufumua kuna njia nyingi.
Waweza kutupa msuko mmoja,
ukabaki na nusu ya dada, ukamvuta ajaze kimo.
Waweza kuichanganya yote miwili,
akapita na kivuli chake kama amelowa.
Mimi nimeipa kila misuko zamu yake,
picha hamsini badala ya ishirini na tano,
na mapengo nimeiachia mashine ikisie.
Nusu ya nani ningeitupa?

Saa saba usiku nikasimamisha picha.
Salha ameshapita. Imebaki barabara tupu
na ukuta wa matofali wa duka la kinyozi.
Hakuna kinachokwenda.
Na ukuta una meno.

Nikadhani nimekosea tena.
Nikasogeza uso, nikakagua tofali baada ya tofali.
Ukuta ule haujaenda popote tangu ujengwe.
Kilichokwenda ni mkono.

Kanda ni ya mwaka tisini na tisa.
Daktari aliutaja ugonjwa mwaka elfu mbili na sita,
chai ilipokwisha kujaa kwenye visahani
hata mama akaacha kuviweka.
Tukamuuliza, baba, imeanza lini?
Akasema, juzi juzi tu.

Nimeirudisha kanda nyuma.
Pana mahali Salha anayumba, karibu na gari la maziwa,
na kwa sekunde nne ukuta uko safi,
kila tofali na kingo zake.
Hapo baba amebana kiwiko ubavuni
na ameziba pumzi.
Kisha pumzi inatoka, kipaza sauti kimeidaka,
na sauti yake: *Haya mama, kanyaga. Usiniangalie mimi.*
Matofali yanaota meno upya.

Salha amepiga simu kutoka Leeds,
anauliza kama imetoka vizuri, wanawe wanaisubiri.
Nimempelekea iliyofumuliwa na kutulizwa,
laini, baskeli inapita kama juu ya mafuta.

Hii nyingine nimeiacha na meno yake.
Katika kanda zote kumi na moja
hayumo hata mara moja, hata kivuli.
Nimetafuta kalamu ya risasi jikoni,
nikaichonga kwa kisu,
nikaandika juu ya kasha: *Baba.*